Mbuzi wa Mahari na Soko la Juu

Kabichi naihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nikiipanga kwenye tenga, mara ya pili mnunuzi akiipakua, kwa sababu kati ya tenga na gari kabichi huota miguu. Siku nilipoingia ukweni nilihesabu sufuria za mama mkwe mara mbili kabla ya kuzigusa, nisije nikaambiwa moja imepotelea mikononi mwangu. Aliniona mchawi, lakini sufuria hazikupotea. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayemsimulia habari za uchaguzi ule. Wengi waliousimulia wamesimulia kelele tu. Mimi nilikuwamo ndani ya chumba cha kuhesabia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Uhuru tulishauchezea ngoma, Azimio tulishalisikia redioni, na sasa tulitakiwa kumchagua diwani wa kata yetu hapa Lushoto. Chama kilikuwa kimoja, wagombea wawili. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Masharti yakasomwa mbele ya watu: kampeni ni kwa Kiswahili, wagombea watapanda gari moja na kuhutubia mkutano mmoja, na ni marufuku kumsema mtu kwa rangi yake, kabila lake, dini yake, au kwa kuwa ni mwanamke au mwanamume. Nilicheka moyoni. Ukimkataza mnunuzi kusema kwamba kabichi ina tundu, bado tundu amekwisha kuliona.

Soko letu lilikuwa juu, kando ya barabara, pale basi la kutoka Mombo linapomaliza kona zake na kupumua. Abiria akishuka, mguu mmoja uko ardhini na wa pili uko juu ya karoti zangu. Kwa uwanja ule nilisomesha watoto, kwa uwanja ule niliezeka bati. Sasa yakazuka maneno kwamba uwanja wa juu utafanywa mahali pa kupakilia malori, na sisi wanawake wa mboga tuteremshwe soko la chini, bondeni kando ya kijito, ambako ukungu hauondoki mpaka saa sita na njia yake ni utelezi wa kumtoa mbuzi machozi. Aliyeyaleta maneno hayo alikuwa mwenye lori, yule aliyekuwa akinunua mboga zetu kwa jumla na kuzipeleka Tanga. Naye ndiye aliyekuwa mgombea wa kwanza. Hapo hapakuhitaji shule: tukiteremshwa bondeni, abiria wa basi hatutawaona tena, mnunuzi atabaki mmoja, na bei ataitaja yeye.

Mgombea wa pili alikuwa mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima, mwanamke mjane wa makamo. Mama yake alikuwa Mshambaa wa upande wa Gare. Baba yake alikuwa Mzungu mwenye shamba la kahawa, ambaye alirudi kwao Ulaya kabla mtoto hajaota meno, akaacha nyuma dohani la matofali na binti. Mwalimu alikuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa, nywele akizifunga kwa leso, na Kishambaa chake kilikuwa kizito kuliko changu. Ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu, mimi na vidole vyangu hivi vilivyozoea kamba za matenga. Siku alipochukua fomu alipita sokoni akasema neno moja tu: soko halihami.

Kisha akaniomba niwe wakala wake, yaani mtu wa kumsimamia kura zake zikihesabiwa.

“Kwa nini mimi, dada?” nikamuuliza. “Wako waliosoma.”

“Waliosoma huhesabu mara moja,” akasema.

Nikakubali. Nisingekubali ningekonda.

Basi ikaanza ile kampeni, na sijaona raha kama ile tena. Landrova ya serikali ilikuja asubuhi na bendera mbele. Mwenye lori na mwalimu walikaa kiti kimoja, bega kwa bega kama bibi na bwana harusi waliokwisha kugombana, na katikati yao amejibana msimamizi kutoka wilayani, kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Sisi wengine tuliwafuata kwa miguu, tukikata njia za mkato za milimani, na mara nyingi tulifika kabla ya gari. Akina mama waliacha magimbi motoni. Wazee walitoka na makoti ya baridi. Hata wanaume waliokuwa wakiapa kwamba siasa ni kazi ya wavivu walijikuta wamesimama mbele kabisa.

Mwenye lori alipata nyumba, mwalimu akapata jembe. Ilikuwa marufuku kuzisema alama, kwa hiyo zilisemwa kwa kunong’ona, na mnong’ono milimani husafiri kuliko sauti. Wapambe wa mwenye lori walipita wakisema, “Kila kitu kimekaa mahali pake. Mwenye nyumba ni mwanamume, wa jembe ni mwanamke.” Akina mama nao wakajibu, “Na huyo mwenye nyumba anakula nini, udongo wa ukutani?”

Mikutano ya mwanzo nilikaa chini nikasikiliza maswali. Mwenye lori aliulizwa barabara ya Soni itatengenezwa lini, maji yataletwa lini, bei ya mbolea ikoje, zahanati iko wapi. Mwalimu aliulizwa mume wake alikufa kwa ugonjwa gani. Aliulizwa atalala wapi kikao kikiwa Tanga. Aliulizwa nani humpikia akiwa mikutanoni, akajibu kwamba anapika mwenyewe kabla hajatoka, na kama muulizaji ana njaa asubiri mkutano uishe. Bwana mmoja akataka kujua kama Mzungu akirudi kudai shamba lake la kahawa, diwani atasimama upande gani. Watu wakaguna kwa hofu kweli, kana kwamba mtu yule alikuwa tayari yuko Mombo anasubiri basi.

Nilipokuwa napanda kilima kurudi nyumbani niliyahesabu maswali yale, nikayarudia. Ya mwalimu yalikuwa mengi kuliko ya mwenye lori, na hakuna hata moja lililokuwa na tone la maji ndani yake.

Mkutano mkubwa ulikuwa pale pale sokoni, siku ya gulio. Watu walijaa mpaka juu ya ukingo wa barabara. Walikuwepo wa Gare, wa Rangwi, na wale wa mabondeni wenye mapeasi. Katika wazee waliokaa mbele alikuwamo mmoja mwenye kofia nyeupe na bakora, mwamuzi wa mashauri ya ndoa na mipaka ya mashamba, mtu ambaye akikohoa watu hunyamaza. Alikuwa upande wa mwenye lori, na kila mtu alijua. Akainuka polepole.

“Mimi sina ubaya na huyu mama,” akaanza, na nikajua ubaya unakuja. “Lakini sisi huku kwetu mtu anasimama na ukoo wake. Mwenye lori namjua, baba yake namjua, babu yake alizikwa pale. Huyu mama, mimi nauliza tu, ni mtoto wa nani?”

Msimamizi akaruka na kalamu zake zote mbili. “Mzee, swali hilo haliruhusiwi.”

“Mwache, mwanangu,” akasema mwalimu. “Swali la mzee halizuiwi.” Akamgeukia. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Mimi ni mtoto wa mama yangu.”

“Mama yako namjua. Nimeuliza ukoo. Ukoo hutoka kwa baba.”

Watu wakaanza kutikisa vichwa, na vichwa vile nilivijua. Ndivyo wanunuzi wanavyotikisa kabla ya kuweka kitu chini na kwenda meza ya jirani. Jibu mwalimu alikuwa nalo, ila lilikuwa la kumvunjia heshima mzee, naye alilelewa vizuri mno. Mimi sikulelewa vibaya, lakini nimelelewa sokoni pia. Nikanyoosha mkono.

“Nina swali kwa mgombea,” nikasema. Msimamizi akaniruhusu, akashukuru hata, maskini. “Dada, ulipoolewa, mahari yako ilipokewa na nani?”

“Na mjomba wangu,” akasema mwalimu, “kaka yake mama.”

“Kwa nini mjomba, siyo baba?”

“Kwa sababu baba hakuwahi kumtolea mama yangu kitu. Hata kuku.”

Minong’ono ikaanza. Kila aliyekuwa pale anaijua desturi yetu: mwanamume asipotoa mahari, mtoto si wake. Mtoto hubaki kwa wajomba zake, ndio wanaomlea, wanaomwoza na wanaomzika. Hakuna Mshambaa asiyelijua hilo. Walichokuwa hawajafanya ni kuliweka juu ya mtu mwenye rangi ile.

“Mbuzi walikuwa wangapi?” nikauliza.

“Hilo sikumbuki. Bibi harusi hahesabu.”

“Mimi nakumbuka. Nilikuwa jikoni. Walisema wameleta wanane, nikahesabu saba, nikahesabu tena, saba. Wa nane tulimkuta kwa jirani anakula maharage.” Watu wakacheka, na kicheko kikiingia sokoni bei huanza kusogea. “Sasa swali langu la mwisho, dada. Wazee waliokaa siku ile wakapokea mbuzi wale, wakachinja, wakala kwa niaba ya ukoo, walikuwa akina nani?”

Mwalimu akatazama chini. Hakutaja mtu. Mimi pia sikutaja, nilitazama tu ile kofia nyeupe. Na pengine yangeishia hapo, kila mtu akajifanya haelewi, kama sauti isingetoka upande wa wanawake, nyuma ya matenga ya njegere. Alikuwa mke mkubwa wa mzee mwenyewe.

“Alikula,” akasema yule bibi bila kuinuka. “Na paja alileta nyumbani. Nililipika mimi.”

Sijapata kusikia uwanja ukicheka vile. Waliokuwa juu ya ukingo walishikana wasianguke. Dereva wa Landrova aliegemeza kichwa kwenye usukani, na msimamizi aligeuza uso akajifanya anaandika. Hata mwenye lori alicheka, kisha akakumbuka yuko upande gani.

Mzee alisubiri. Alikuwa mjanja, na mwamuzi mzuri, hilo lazima niliseme. Alijua kwamba mtu hawezi kula mahari ya mgeni. Kama binti si wa ukoo, basi ile nyama ilikuwa ya wizi, na yeye ndiye aliyekula paja. Ilimbidi achague kati ya fahari yake na mgombea wake, na kwa mtu wa umri ule huo si uchaguzi mgumu. Akagonga bakora chini.

“Nilikula,” akasema. “Na nilikula kwa haki. Huyu ni wetu. Yule Mzungu hakutoa kitu, hana mtoto hapa. Asiseme mtu tena.” Watu wakapiga makofi. Mzee akaanza kukaa, kisha akainuka tena nusu. “Lakini bado ni mwanamke.”

Makofi yakawa mengi zaidi, na safari hii yalitoka upande wa wanaume.

Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha, lakini kwa hesabu yangu tulikuwa tumeuza nusu tu ya tenga. Rangi mzee alikuwa ameiondoa mezani mbele ya watu. Huo uanamke haukuwa na mbuzi wa kuutetea.

Mwenye lori alijua hivyo. Kuanzia siku ile aliacha kusema habari za ukoo, akaanza kazi aliyoizoea, ya kununua kwa jumla. Jioni alipita nyumba kwa nyumba, akakaa na mwenye mji, yaani baba wa kaya, wakanywa chai, wakazungumza kiume, na akitoka alikuwa amekwisha kuhesabu: mji huu kura sita, mji ule nane. Hakuwasalimia akina mama wa jikoni isipokuwa kwa kupitiliza. Kwake yeye kura ya mke ilikuwa mfukoni mwa mume, kama kodi ilivyokuwa zamani, mwanamume mmoja akilipia mji mzima. Alikosea pale pale ambapo wafanyabiashara wa jumla hukosea siku zote. Hakufungua tenga kutazama ndani.

Mimi nilifungua, na nilichokikuta hakikunifurahisha. Tulikuwa kwenye kiwili, ule utaratibu wetu wa leo kulima kwangu, kesho kwako, na tulipokaa kupumzika na bada yetu, ugali wa muhogo, na mahindi ya kuchemsha, nikawauliza wenzangu watampa nani.

“Mume wangu kasema nyumba,” akasema mmoja.

“Wewe umesema nini?”

“Mimi nimesema ndiyo. Ndiyo haina gharama.”

Mwingine, jirani yangu wa sokoni, mwenye ulimi mkali kuliko kisu cha mkonge, akatema punje ya hindi. “Mimi mume hajanishika mkono. Nampa mwenye lori kwa hiari yangu. Huyo mwalimu akishakuwa diwani atakaa kwenye kiti, mimi niko na kuni mgongoni, halafu nimsimamie kwa heshima? Mwanamke mwenzangu? Bora nionewe na mwanamume, nimezoea.”

Wenzake wakaitikia. Sikubishana. Mteja akisema mapeasi yako machachu, humhubirii, unamkatia kipande.

“Sawa,” nikasema. “Mimi nina shauri. Wiki hii gulio tushuke wenyewe soko la chini. Hatujalazimishwa, tunaenda kuonja. Tukiliona zuri, mimi nitakuwa wa kwanza kutia kura kwenye nyumba.”

Wakanitazama kama mama mkwe alivyonitazama na zile sufuria. Lakini Mshambaa humwambii aonje kitu akakataa. Siku ya gulio tukashuka, karibu wote, na matenga vichwani.

Mvua ilikuwa imenyesha, na sikuiagiza mimi. Jirani yangu mwenye ulimi aliteleza kwenye ule mteremko akafika soko la chini kabla ya nyanya zake, kisha nyanya zikamfuata moja moja. Tukapanga bidhaa kwenye matope. Ukungu ulikuwa mzito hata mtu humwoni anayeuza pembeni yako. Tukasikia basi linafika juu. Tukasikia honi, tukasikia abiria wanateremka na kucheka, wakiuliza wauza mboga wako wapi, na hakuna aliyeshuka hata mmoja, kwa sababu mwenye viatu vya safari hashuki matope kwa ajili ya karoti. Tukakaa. Njegere zikalowa. Mtoto mmoja mgongoni akaanza kukohoa, na mama yake akamfunika kwa khanga ya pili, akatazama juu kule barabara ilipo.

Ukungu ulipoondoka, mwenye lori akateremka taratibu, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Alikuwa amefurahi. Alidhani tumekubali.

“Karibuni nyumbani, akina mama,” akasema, akataja bei.

Sitaiandika bei ile, maana wajukuu zangu wakiisoma watadhani naongeza chumvi. Ilikuwa chini ya ile ya juu kwa kiasi ambacho hata kamba ya tenga haikulipika. Jirani yangu, bado ana tope mgongoni, akamwambia aongeze.

“Uza kwa mwingine basi, mama,” akasema mwenye lori kwa upole kabisa, akaangalia huku na huku, na sote tukaangalia pamoja naye. Mwingine hakuwepo.

Tukamuuzia. Nami nilipata hasara siku ile, na ndiyo hasara pekee maishani mwangu niliyoirudia kuihesabu kwa raha. Tulipokuwa tunapanda kurudi, jirani yangu alikuwa mbele yangu, akipumua kwa nguvu. Tulipofika juu akatua tenga tupu.

“Hata kama akikaa kwenye kiti,” akasema.

“Nani?”

“Unamjua nani. Hata kama akikaa kwenye kiti na mimi niko na kuni. Nitamsimamia.” Akajifuta tope. “Lakini nyumbani nitaendelea kusema ndiyo. Nataka amani.”

Siku ya kura ilianza na jua, milima yote imesafishwa, mpaka Magamba unaona mti na mti. Kituo kilikuwa shuleni. Foleni ya wanawake iliuzunguka uwanja mara mbili, na khanga zilikuwa mpya kama sikukuu imehamishwa. Waume walisimama karibu na mlango wakiwakumbusha wake zao, “Nyumba, eh? Nyumba.” Na wake wakijibu, “Ndiyo, bwana.” Ndiyo, ndiyo, ndiyo, foleni nzima.

Ndani kulikuwa na pazia, kitambaa cha kijani cha meza ya mwalimu mkuu. Wengi wao walikuwa hawajawahi maishani kuwa mahali peke yao bila mtoto, bila mume, bila mkwe. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mawakala, niliona nyuso zikiingia na nyuso zikitoka. Bibi mmoja alikaa nyuma ya pazia muda mrefu mpaka karani akamuuliza kama anahitaji msaada.

“Sihitaji,” akajibu kutoka ndani. “Napumzika.”

Mwingine alipewa karatasi yake akaomba na ya mumewe, akasema anajua anachotaka mzee wake, atamwekea. Karani akamwambia kila mtu na yake. Bibi akaitazama karatasi moja ile mkononi, akaigeuza, akauliza, “Yangu peke yangu?” Akaingia nayo akiwa ameishika kwa mikono miwili kama kifaranga.

Tulianza kuhesabu kura jua likiwa bado juu ya mikaratusi. Sanduku likamwagwa mezani. Msimamizi anafungua karatasi, anaisoma, anaionyesha kwa mawakala, anaiweka upande wake. Nyumba. Nyumba. Jembe. Nyumba. Mwanzoni lundo la nyumba lilipanda haraka, na wakala wa mwenye lori, shemeji yake, akaegemea kiti akafungua kifungo cha juu. Moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka nikaona aibu, nikaushika kwa kujifanya narekebisha khanga. Jembe. Jembe. Nyumba. Jembe. Jembe. Jembe. Shemeji akafunga kifungo. Nje watu walikuwa wamebana madirishani, na kila karatasi iliposomwa habari ilitoka dirishani ikapita uwanjani, unaisikia inavyokwenda, kama upepo kwenye mahindi.

Kulikuwa na kura iliyoharibika ambayo siisahau. Mtu alikuwa ameweka alama kwenye jembe na alama kwenye nyumba, zote mbili safi, zimepigwa kwa uangalifu. Nikasema, huyo ana mume mkali na soko zuri.

Jembe lilishinda. Halikushinda kwa wingi wa kujivunia. Vidole vya mikono na miguu ya mtu mmoja vingetosha kulihesabu lile pengo. Shemeji akaruka kutoka kitini.

“Haiwezekani. Tulikuwa na miji,” akasema, akaanza kuitaja miji, mji wa huyu sita, mji wa yule nane. “Zihesabiwe tena.”

Msimamizi akanitazama mimi kwa wasiwasi, akidhani nitakataa. Kijana yule hakujua amekaa na nani.

“Zihesabiwe,” nikasema. “Mimi mara ya kwanza sikuwa naamini hata.”

Zikahesabiwa. Zikawa vile vile, na kabla maghrib haijaadhiniwa wanawake walikuwa wamembeba mwalimu juujuu kutoka shuleni mpaka uwanja wa soko la juu, viatu vyake mkononi mwa mtu mwingine, leso imedondoka, nywele zile za kahawia zinaonekana na watu wote na hakuna aliyejali. Jirani yangu mwenye ulimi alikuwa amemshika mguu wa kushoto. Nilimkumbusha ya kuni mgongoni. Akaniambia nishike mguu wa kulia ninyamaze.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kura nilikuwa nimezihesabu kwa macho tu, na gulio lililofuata nikaanza kuzihesabu kwa sababu zake. Kila aliyepita kwenye meza yangu nilimuuliza kwa siri, huku nikimfungia karoti, alimpa nani na kwa nini. Wengi walisema soko. Wachache walisema mwalimu aliwafundisha kusoma, wao au mama zao. Mmoja alisema mumewe alimtia kofi asubuhi ile. Na halafu wakaja wale walionikwaza. Mama mmoja wa Rangwi aliyeolewa kwetu akaniambia, “Nilimpa kwa ile rangi. Ana damu ya Kizungu, makarani wa halmashauri watamwogopa.” Nikadhani ni yeye tu. Wakafuata wengine. Na mwishoni akaja mzee wa kofia nyeupe mwenyewe, akabonyeza kabichi zangu, akainama.

“Na mimi nilimpa,” akanong’ona. “Usimwambie mwenye lori.”

“Kwa sababu ni wetu, mzee?”

“Kwa sababu si wetu kabisa. Mtu wetu ana wajomba wengi wa kuwapendelea. Yule anao wachache.”

Nikamfungia kabichi nikiwa sijui nicheke au nimwongezee bei. Nikamwongezea bei. Jioni nilimpelekea diwani habari hizo zote, nikitaka akasirike pamoja nami. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo waliokuwa wananikataa kwa rangi, wengine wamenichagua kwa hiyo hiyo rangi,” akasema.

“Ndiyo.”

“Na kama ningekuwa na rangi yako?”

Nikafikiri. Hesabu ile niliifanya mara mbili pale pale nimesimama, na mara zote mbili sikulipenda jawabu. “Tungekuwa matopeni, dada.”

Akatikisa kichwa taratibu. “Basi safari nyingine asimame mwenye rangi yako, na mimi niwe wakala. Fikiria wewe.” Akarudi kwenye madaftari yake. Niliondoka haraka kabla hajaendelea.

Halmashauri ilikaa, na soko halikuhama. Malori yalipewa sehemu kando ya barabara ya chini, penye udongo mgumu. Asubuhi ya gulio lililofuata diwani wetu alifika sokoni na kamba ya katani na vigingi vya mbao, akapima uwanja wote, kila mwanamke sehemu yake, zote sawa. Kamba ilipofika kwangu ikapita katikati ya karoti zangu. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejisogeza kidogo kidogo kuelekea mahali basi linaposimama, na sasa nusu ya karoti ilikuwa kwa jirani yangu mwenye ulimi, naye alikuwa amekwisha kukaa.

“Dada diwani,” nikasema, “mimi ndiye wakala wako.”

“Najua.”

“Kamba yako imepinda.”

Akanipa ncha ya kamba. “Pima mwenyewe.”

Nikapima. Watu wakasimama kutazama. Nikapima tena, mara hii nikiivuta kwa nguvu zangu zote. Kisha nikaanza kuhamisha karoti.